Barua ya Wazi kwa Wawakilishi wa Likuyani: Mti wa Podo Upewe Nafasi Kandokando ya Nzoia

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi wa wadi za Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko katika Bunge la Kaunti ya Kakamega, na kwa maafisa wote waliokabidhiwa dhamana ya miti na mito katika sehemu zetu hizi.

Waheshimiwa,

Naomba idhini yenu niwaandikie hadharani, ili wakulima wenzangu nao wasome na kupima, mintarafu ya jambo ambalo kila mvua za masika zinapoanza hurudi katika mabaraza yetu, na kila mara huondoka bila kupata jawabu: ni miti ya aina gani tuipande katika kingo za mto Nzoia na vijito vyake, katika viwanja vya shule zetu, na katika zile sehemu za msitu wa Turbo ambazo miti yake imekwisha kukatwa. Mintarafu ya idadi, Serikali imekwisha kusema. Mwezi wa Disemba 2022 tuliambiwa kwamba taifa limekusudia kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu watoke na majembe. Na tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko kuchukua roho za watu wengi, tulipewa siku nyingine kama hiyo. Idadi tunaijua kwa moyo. Aina ya mti ndiyo ambayo haijazungumzwa ipasavyo, nami naamini kwamba aina ndiyo asili ya jambo lenyewe, kwa kuwa mti si nguzo iliyosimikwa ardhini tu, bali ni makazi na riziki ya viumbe, na kila mti una viumbe wake.

Aghalabu miche ninayoiona ikipakuliwa kutoka kwenye malori siku za upandaji ni mikaratusi, misaipresi, na misonobari ambayo sisi huku huiita paini. Sipendi mtu adhani kuwa nauchukia msonobari. Mti huo umetuezekea nyumba, umewapa watoto wetu madawati, na kwa miaka mingi vijana wa Likuyani na Lugari walipata ujira wao kwa kuupalilia na kuukata, maana sehemu kubwa ya msitu wa Turbo ilipandwa kwa ajili ya kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009. Mwenye insafu hawezi kuusahau wema huo. Lakini wema wa mti kwa binadamu ni jambo moja, na wema wake kwa msitu ni jambo jingine, na kuyachanganya mawili hayo ndiko kulikotufikisha mahali ambapo tunahesabu vilima vilivyojaa miti na kuviita misitu ilhali humo ndani hakuna kinacholia.

Msonobari tunaoupanda zaidi, ule ambao wataalamu huuita Pinus patula, asili yake ni milima ya Mexico. Katika Afrika ya Mashariki yote hakuna hata aina moja ya msonobari iliyo mwenyeji. Jamaa wote wa misonobari kwa maumbile ni miti ya nusu ya kaskazini ya dunia, na ni aina moja tu inayofahamika kuvuka mstari wa ikweta bila kupelekwa na mtu, huko kisiwani Sumatra. Na kule kwao misonobari ni miti adhimu kabisa. Katika milima ya magharibi ya Mexico kuna kasuku mwenye mdomo mnene ambaye chakula chake kikubwa ni mbegu za misonobari, na viota vyake huviweka katika mashimo ya misonobari mikongwe, hata ikawa misitu ile ilipokatwa, naye akapungua pamoja nayo. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba msonobari ni mti mbaya. Hoja yangu ni kwamba uliletwa kwetu bila viumbe wake, na viumbe wetu hawakuzaliwa wakiujua.

Anayetaka kuyathibitisha haya asiende mbali. Na aingie katika shamba lolote la paini lililokwisha kufunga majani juu, aende mpaka katikati, asimame. Chini ya miguu atakuta zulia la sindano kavu, la rangi ya kahawia, nene kiasi cha kuzuia hata sauti ya kiatu, na mimea inayochomoza humo ni michache. Kisha na aokote koni moja iliyofunguka aikung'ute kiganjani: atapata mbegu ndogo nyeusi, kavu, kila moja ina ubawa mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Mbegu ile haina nyama wala utamu. Haimwiti ndege yeyote wa huku, wala haimlipi chochote kwa kuibeba, kwa sababu mbebaji wake ni upepo, na upepo hauli.

Sasa na aende akatafute podo.

Mti huu wa podo ndio ninaoutetea katika barua hii. Nao hauzai ua, na kwa nasaba uko katika kundi lile lile kubwa la miti ya koni, ila ni wa ukoo mwingine ulio wa kale sana, wenye jamaa zake hasa katika nusu ya kusini ya dunia, na hapa petu ni mwenyeji tangu kabla ya binadamu kujua jembe. Asubuhi ya hewa safi baada ya mvua, mtu wa Likuyani huuona mlima Elgon upande wa machweo, na upande wa kaskazini mashariki kuna milima ya Cherangani; milima yote miwili ina mipodo, na kati ya milima hiyo miwili ndipo tulipo sisi, na kutoka katika milima hiyo ndiko yanakotoka maji ya Nzoia. Podo iliyokomaa Elgon ni mti wa kumfanya mtu anyamaze: shina limenyooka kwenda juu, gamba linabanduka kwa vipande vyembamba, na matawi yake yamevaa kuvumwani ya kijani kijivu inayoning'inia kama ndevu za mzee.

Tunda lake ndilo lenye siri yote. Okota moja chini ya mti jike: ni duara, ukubwa wake ni kama wa zabibu kubwa, juu lina ngozi yenye nyama kidogo, na ndani kuna kokwa gumu. Ile nyama kidogo ndiyo ujira. Kwa ajili yake huja kasuku wa milimani mwenye paji jekundu, huja shorobo wa Hartlaub, yule mwenye mbawa nyekundu zinazoonekana arukapo tu, huja njiwa mkubwa wa milimani mwenye mdomo wa manjano, huja kima. Wengine huitafuna mbegu yenyewe na kuiharibu, kasuku akiwa wa kwanza kwa uharibifu huo, lakini wengine humeza tunda zima au huibeba mbegu na kuidondosha mbali. Na ndege hao hawali podo peke yake. Tumboni mwao mna matunda ya mzaituni wa mwituni, ya mkuyu, ya mwiritsa, na ya miti mingine mingi. Atuapo juu ya tawi la podo ili ale, ndege huacha chini yake mbegu za miti aliyokula asubuhi katika bonde jingine. Kwa njia hiyo, mahali ulipo mti mmoja wenye matunda yenye nyama, baada ya miaka huwa pana kichaka cha miti ya kila namna, wala hakuna mtu aliyeipanda. Msitu wa asili hujijenga kwa namna hiyo, na namna hiyo haianzi pasipo mti wa kumkaribisha ndege.

Fauka ya hayo, mti huu huendelea kufaa hata unapozeeka. Podo huishi mamia ya miaka, na ukongwe wake huleta mashimo, na mashimo ndiyo nyumba. Perere, yule mnyama mdogo ambaye sauti yake usiku humtisha mgeni akadhani ni kitu kikubwa, hushinda mchana kutwa katika mapango ya miti kama hii. Bundi na nyuki hali kadhalika. Na hondohondo, ambaye jike lake hujifungia ndani ya shimo la mti kwa udongo muda wote wa kuatamia na kulishwa na dume kupitia mwanya mwembamba, hawezi kuzaa kabisa pasipokuwa na mti mkubwa wenye shimo la kumtosha. Paini ya kiwanda hukatwa ikiwa bado kijana. Haipewi fursa ya kuzeeka, basi haina shimo la kumpa mtu.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini wameonja uchungu wa jambo hili. Huko kuna kasuku wa Cape ambaye maisha yake yote yamefungamana na miti ya jamaa moja na podo yetu, akila matunda yake na kuzaa katika mashimo yake; wakataji wa enzi za ukoloni walipoimaliza miti mikubwa kwa ajili ya mbao, kasuku yule alipungua mpaka leo ni miongoni mwa ndege walio adimu katika nchi ile. Kwetu nako podo ilikatwa bila huruma. Viwanda vya mbao vya Elburgon na vya Elgon viliishi kwayo kwa miongo mingi, kwa kuwa mbao yake ni nyeupe-njano, imenyooka, haina utomvu, na seremala huipenda, mpaka Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika miaka ya 1980. Marufuku ile iliokoa iliyobaki. Haikupanda iliyokwisha.

Najua kuna atakayesema, na atakuwa na haki ya kusema, kwamba Likuyani haikuwa nchi ya misitu minene. Ni kweli. Baba zetu walipogawiwa mashamba katika skimu za miaka ya 1960, baada ya walowezi kuondoka, waliikuta nchi iliyokwisha kulimwa mahindi na ngano, na kabla ya walowezi palikuwa na nyasi ndefu na miti ya kutawanyika, na misitu membamba iliyofuata mito. Kwa sababu hiyo siombi, wala singethubutu kuomba, kwamba mashamba yetu ya mahindi yageuzwe kuwa Elgon. Naiomba ile misitu membamba ya mtoni irudi. Podo huota kuanzia mwinuko wa takriban mita 1,500, nasi tuko juu ya hapo. Na katika ukingo wa mto haitasimama peke yake, bali pamoja na mikuyu, mizambarau ya mwituni, lusiola, mwiritsa na mutukuyu, majina ambayo wazee wetu wangali wanayajua.

Tazameni mahali petu palivyo. Kusini kuna msitu wa Kakamega, ambao ni kipande cha mwisho katika Kenya cha misitu ile mikubwa ya mvua ya Kongo, wenye aina za ndege zaidi ya 300, pamoja na vipande vyake vidogo vya Malava na Kisere. Kaskazini, katika Trans Nzoia, kuna Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa katika Kenya, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe wa kinamasini, na ambayo pia ina wale nyani wenye ndevu nyeupe waitwao kalasinga. Na kalasinga hao hao wako Kisere. Magharibi kuna Elgon, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1968. Katikati ya hazina zote hizo tupo sisi na mahindi yetu. Ndege mla matunda atokaye upande mmoja akitaka kufika upande wa pili hana pa kutua wala cha kula njiani, na mnyama asiyeruka hana njia kabisa. Mto ndio barabara pekee iliyosalia, na kingo zake katika sehemu nyingi zimelimwa mpaka majini, au zimepandwa mikaratusi ambayo, kwa kiu yake, haifai kuwa jirani wa kijito.

Kuna hoja nyingine ambayo ningependa maafisa wa misitu waipe uzito, nayo ni ya hadhari. Mwenye kupanda aina moja ya mti katika maelfu ya ekari huwaandalia karamu maadui wa mti huo. Katika miaka ya 1960 maradhi ya ukungu wa majani yaliushambulia msonobari wa California, uitwao Pinus radiata, katika Kenya na Tanganyika, hata upandaji wake ukaachwa. Mwaka 1990 akafika chawa wa saipresi, mdudu mdogo aliyekwisha kuonekana Malawi mwaka 1986, akazikausha saipresi katika mashamba na nyua za nchi nzima. Na katika shari yake aliugusa hata mtarakwa, ambao ni mwenyeji wetu. Sisemi basi kwamba mti wa asili una kinga ya kila balaa. Nasema kwamba pahali penye aina ishirini za miti, adui wa mmoja hawi adui wa wote.

Kadhalika ni insafu kukiri kwamba hata msonobari unaweza kutumikia msitu wa asili ukisimamiwa kwa hekima. Pale ambapo mashamba ya paini yamepakana na msitu wa asili na kuachwa muda mrefu bila kufyekwa, ndege huleta mbegu, na chini ya kivuli cha wageni huchipua wenyeji. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia msitu wa Turbo si kwamba paini ing'olewe yote. Watu wanahitaji mbao na kuni, na Serikali inahitaji mapato. Naomba kwamba mahali popote kijito kinapopita ndani ya msitu ule, paini ikishakomaa na kukatwa, ukanda wa pande zote mbili za maji usipandwe tena paini wala usigawiwe kulimwa, bali upandwe podo na wenzake. Na miche ya asili iliyochipua yenyewe isihesabiwe kuwa magugu. Vyama vya jamii vya misitu, ambavyo sheria ya mwaka 2016 inavitambua, vipewe ukanda huo uwe amana yao, waweke mizinga ya nyuki humo, na asali iwe yao.

Ama kwa upande wa Kaunti, Katiba ya mwaka 2010 imewapeni wajibu wa kutekeleza sera za uhifadhi wa mazingira na misitu katika eneo lenu, na kanuni za mwaka 2009 zilikwisha kumtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba lake kwa miti. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kutenga ardhi kwa mti ambao atakayeuvuna ni mjukuu wake, asipopata sababu. Sababu hiyo mnaweza kuiweka ninyi: mpeni miche ya miti ya kumpatia pesa apande mpakani, kwa sharti kwamba ukingo wake wa mto uende kwa miti ya asili, na mumlipe vibarua vya kuipalilia mpaka ishike. Shule nazo zipewe zao, kwa kuwa mtoto aliyemwona shorobo akila podo uwanjani pake hatahitaji kuhubiriwa.

Ila kuna jambo moja la ufundi ambalo likipuuzwa kazi yote itakwenda bure, nami nimeona likipuuzwa. Podo ni mti wenye dume na jike. Dume hutoa unga unaobebwa na upepo, na jike pekee ndilo linalozaa. Anayepanda mche mmoja mbele ya ofisi kwa ajili ya picha anaweza kuwa amepanda dume, na mti ule ukaishi miaka mia bila kumlisha ndege hata mmoja. Au amepanda jike lisilo na mume karibu, mambo yakawa ni yale yale. Mche mchanga haujulikani jinsia yake. Dawa yake ni kupanda kwa makundi, miche kumi au zaidi pamoja, ili wawepo wa kila upande. Mbegu nazo zitafutwe kwa idhini ya Shirika la Huduma za Misitu kutoka kwa miti mama mingi ya Elgon na Cherangani, sio kutoka kwa mti mmoja ulio karibu na barabara, na ziatikwe zingali mbichi, kwani zikikaa ghalani hupoteza uhai. Kokwa ni gumu na huchelewa kuchipua, basi mwenye kitalu asikate tamaa akaimwaga mifuko yake baada ya mwezi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina maarifa ya mambo haya, na vikundi vya akina mama wa Kongoni na Sango wenye vitalu wana mikono na subira. Kinachokosekana ni agizo na fedha.

Mche wa podo unahitaji takriban miaka miwili kitaluni kabla haujaweza kupambana na nyasi za mtoni. Kwa hiyo mbegu zisipookotwa mwaka huu, hakuna kitakachopandwa mwaka kesho wala mwaka wa tatu. Mwaka wa fedha wa Kaunti huanza tarehe 1 Julai. Naomba, Waheshimiwa, kwamba kabla ya makadirio kupitishwa, kamati inayohusika na mazingira ije Likuyani, ituite katika baraza moja, wakulima wa ukingoni, wenye vitalu, walimu wakuu na maafisa wa msitu wa Turbo, na tuondoke hapo tukiwa tumekubaliana ni vijito vipi vitaanza, nani atakusanya mbegu, na kiasi gani kitatengwa kwa kazi hiyo.

Nasubiri jawabu lenu kwa heshima.

Wasalaam,
Mkulima wa ukingo wa Nzoia, Likuyani